Ng'ombe Anayebakiza

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kosa ninalolisimulia hapa nililifanya nikiwa na mizani mkononi. Kama ningekuwa nimebahatisha tu, ningejisamehe mapema. Lakini nilipima, nikaandika, nikagawanya, nikapata jibu, na kwa jibu hilo nikamtoa nyumbani kwangu ng'ombe wa mwisho wa ukoo wa ng'ombe wa mama yangu. Ng'ombe nao wana ukoo. Huu wa mama ulikuwa na umri sawa na wangu.

Nilipozaliwa mimi, mtoto wa kwanza, babu mzaa baba alimpa mama mtamba ili apate maziwa ya kumrudishia nguvu baada ya uzazi. Kwetu Kilimanjaro hilo halikuwa jambo la ajabu. Mzazi alilishwa mpaka mashavu yakajaa. Mtamba yule akazaa, binti yake akazaa, na katika kila kizazi mama alibaki na binti mmoja tu. Wengine aliwagawa kwa ndugu, na ndugu, kama ilivyo kawaida yao, waliwauza mmoja mmoja au wakawachinja misibani. Baba alipofariki nikamsihi mama aje tuishi wote Dar es Salaam. Alikubali kwa sharti moja. Alikuja na sanduku, Biblia, na mtamba wa rangi ya kahawia aliyesafiri nyuma ya lori la ndizi hadi sokoni Mabibo. Tulimpokea pale asubuhi akiwa ametulia katikati ya mikungu, anatafuna jani la mgomba bila wasiwasi wowote. Kutoka Mabibo mpaka kwangu Pugu alipanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kichwa nje, na watoto wa njiani wakampungia mkono.

Tulimwita Kahawia, maana sisi kwa majina si hodari. Bandani alimkuta Mabaka, ng'ombe wangu mwenyewe, mkubwa, mweusi kwa mweupe, niliyemnunua kwa mfugaji mmoja wa Kibaha. Mabaka alikuwa ng'ombe wa kuonyesha wageni. Mtu akiingia uani humsifu kwanza yeye, tena kwa kumpiga kofi la mbavuni, halafu humtazama Kahawia na kuuliza kama ni ndama. Kahawia alikuwa mfupi, miguu myembamba, na macho ya mtu aliyekwisha kula.

Kwa miaka kadhaa hatukuwa na shida. Viwanja vya jirani vilikuwa nyasi tupu, wenyewe wako mbali, nasi tulikata bila kumwomba mtu. Halafu mji ukatufikia. Kiwanja kimoja kikapata msingi, cha pili kikapata nyumba, na kile cha mwisho, kilichokuwa ghala letu la majani, kikazungushiwa ukuta wa tofali katika wiki moja. Tangu hapo majani yetu yakawa yanakuja kwa guta la magurudumu matatu kutoka mabondeni, na siku nyingine kwa magunia ya majani ya kabichi na maganda ya ndizi kutoka Mabibo. Nilitazama lile guta likipanda kilima changu, kijana wa watu anasukuma huku jasho linamchuruzika, nikajua kwamba ng'ombe wawili na ndama zao ni ndoto. Abaki mmoja. Ukoo mmoja uendelee, mwingine uishie hapo.

Ndipo nikaenda kwenye mafunzo ya wafugaji, ofisi ya kata. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na chai, sitaki kujidai. Afisa mifugo alikuwa dada mwembamba mwenye sauti ya chini, na wanaume wa mbele walikuwa wakipiga soga na kuifunika sauti yake mpaka nikawageukia kama ninavyowageukia kidato cha pili. Wakanyamaza. Yule dada akasema kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Alisema sisi tunaulizana kila siku ng'ombe wako anatoa lita ngapi, wala hatuulizani amekula nini ili azitoe. Wapo ng'ombe wawili, akasema, wanaotoa maziwa sawasawa, na mmoja amekula zaidi sana kuliko mwenzake. Yule anayekula kidogo ana mwili unaojua kutumia. Na tabia hiyo inarithiwa, mama humpa binti, kama pua.

Sijui wengine walisikia nini. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka kituoni, sikuona hata nimefikaje. Miaka yote nafundisha kwamba mashine hupimwa kwa kulinganisha unachoingiza na unachopata, na nyumbani kwangu nimefuga mashine mbili zenye mikia wala sijawahi kuziuliza swali hilo! Nilijicheka. Halafu nikashikwa na udadisi wa aina ile mbaya, unaomfanya mtu asahau kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

Nilianza kwa kutazama tu. Nilikiweka kigoda mbele ya banda jioni na kuhesabu wanavyocheua. Kahawia alirudisha tonge, akalitafuna taratibu mara hamsini na kitu, akalimeza, akapumzika, akarudisha jingine. Mabaka alitafuna mara thelathini, akachoka, akatazama hori kama kuna kilichoongezeka. Nikahamia kwenye mavi. Nilichukua chekecheo la zamani la unga, nikatia mavi ya kila mmoja, nikamwagia maji nione kinachobaki juu. Ya Mabaka yalibakiza nyuzi ndefu za majani na punje nzima za mahindi. Ya Kahawia yalipita karibu yote. Mama alitokea mlangoni, akaliona chekecheo lake, akashika kichwa.

"Mwanangu, hilo tulichekechea unga wa Krismasi."

"Nitakununulia jingine, mama."

"Na unatafuta nini humo?"

"Mambo ya shule tu."

Jibu hilo nilimpa mara nyingi siku zile, na sikuliona kuwa ni jibu baya. Mama alisoma mpaka darasa la nne. Mimi nilikuwa na digrii na haraka.

Yale mavi yalikuwa yamekwisha kuniambia kila kitu, na nisingehitaji zaidi. Lakini macho si kipimo. Nawaambia wanafunzi hivyo kila mwaka. Nikanunua mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano inayotumiwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, nikaifunga kwenye boriti ya banda. Kila ng'ombe alipata kilo hamsini za majani kwa siku, ishirini na tano asubuhi na ishirini na tano jioni, na pumba ndoo moja moja. Asubuhi kabla ya kwenda shule nilipima kilichobaki kwenye hori la kila mmoja, nikakiondoa, nikasafisha, nikaandika kwenye daftari. Maziwa nayo niliandika.

Asubuhi ya kwanza hori la Mabaka lilikuwa jeupe, limelambwa. Kwa Kahawia kulikuwa na kilo kumi. Ya pili vilevile, kilo kumi na kidogo. Nilipima, nikayazoa yale masazo na kuyatupa kwenye lundo la samadi pembeni mwa ua, pale ambapo uzio wetu ni mfupi na njia ya kwenda kanisani inapita. Mama alikuwa amesimama na kikombe chake cha chai.

"Hayo majani unayatupa?"

"Nikishapima hayana kazi, mama."

Aliitazama njia, akaingia ndani. Asubuhi ya tatu hori la Kahawia lilikuwa safi, halina hata jani. Ya nne, safi. Ya tano, safi. Niliandika sifuri kwa kalamu nyekundu na nikafurahi, nikajiambia kwamba sasa ameizoea ratiba. Hata wanafunzi wako hivyo, ukiwasimamia wanakaa sawa. Zile siku mbili za mwanzo nikazifuta kama siku za mazoea. Ningeweza kujiuliza ni ng'ombe gani huyu anayebadilika tumbo usiku mmoja, lakini sikujiuliza, kwa sababu sifuri ni namba nzuri kuiandika.

Baada ya mwezi nilikaa mezani na kugawanya. Wote wawili wamekula kilo hamsini kwa siku. Mabaka ametoa lita kumi na nne, Kahawia kumi na moja. Kwa majani yale yale Mabaka anarudisha zaidi. Hesabu ilikuwa nyepesi, mtoto wa msingi angeifanya. Nikamwita mama, nikamwonyesha daftari, nikamweleza kwa upole ule wa kitaalamu ambao sasa nikiukumbuka natamani nijizabe kofi.

"Kwa hiyo Kahawia ndiye aende," nikasema.

Mama alilitazama daftari kwa muda, ingawa sidhani kama alikuwa anasoma. "Ana mimba ya miezi mitano," akasema.

"Ndiyo, mama. Mnunuzi atafurahi."

"Ni banda lako, mwanangu. Wewe ndiye unayejua majani yanapatikanaje." Akanyanyuka kwenda kuchambua mchele. Nilisikia ungo ukienda juu na chini kwa muda mrefu kuliko mchele uliokuwemo.

Mnunuzi alipatikana kupitia kijana anayetupandishia ng'ombe, ambaye mtaa mzima unamwita mtu wa mbegu. Huyu huzunguka na pikipiki na mtungi wake wa baridi wenye mbegu za madume, na hakuna banda kuanzia Pugu mpaka Temeke ambalo hajui habari zake. "Madam, kuna mzee mmoja Temeke, fundi vinyago," aliniambia. "Ana kieneo kidogo, anataka ng'ombe mdogo. Huyu wako ndo' saizi yake kabisa." Siku ya kuchukuliwa, mama alimlambisha Kahawia chumvi kwenye kiganja, akamfuta tongotongo kwa pindo la kanga, akaingia ndani kabla kirikuu hakijawashwa. Sikumfuata. Nilijiambia kwamba wazee huzoea.

Juma lililofuata maziwa ya Mabaka yakaanza kushuka. Kumi na tatu, kumi na mbili, halafu kumi na moja, hapo yakasimama. Nilikuwa nampa kilo zile zile hamsini na pumba ile ile. Alilamba hori mpaka mbao zikang'aa, halafu akapiga kelele akinitazama mimi moja kwa moja. Nikabadilisha mtu wa guta, nikidhani majani ni mabovu. Nikamwita mtu wa mbegu, akamtazama ulimi na macho, akampa dawa ya minyoo. "Labda anamkumbuka mwenzie," akasema, na tukacheka. Kelele ziliendelea. Nilikuwa na kitendawili halisi mikononi, na nakiri kwamba kwa siku chache nilikifurahia. Kilichoingia hakijabadilika, kinachotoka kimepungua. Nilichora hata grafu.

Jumamosi moja tukiwa tunakunywa chai, Mabaka akapiga kelele tena. Nikasema kwa sauti, kama mtu anayejisemea, "Sijui amepatwa na nini huyu. Chakula ni kile kile."

"Si amekosa masazo," mama akasema, akipaka blubandi kwenye mkate.

"Masazo gani?"

"Ya mwenzake. Si nilikuwa nampa alfajiri?"

Nikaweka kikombe chini. Mama akanieleza bila kusita, maana hakujua kuna cha kuficha. Kila siku akiamka kusali, alipitia bandani kwanza. Alichota yale majani yaliyobakia kwenye hori la Kahawia, akampa Mabaka, naye aliyamaliza kabla sijaamka. Alianza kesho yake baada ya kuniona nikitupa masazo kwenye samadi.

"Watu wanapita pale kwenda kanisani," akasema. "Nikaona watasema mtoto wa fulani anatupa majani. Kwetu mwanamke akitupa majani atazungumzwa mpaka kwa wakwe. Nikasema ngoja nimsitiri mwanangu."

Nilijua anachosema. Utotoni nilimwona akishuka tambarare na panga asubuhi na kupanda mlima mchana, mzigo wa majani umemfunika mpaka mabegani, shingo imezama kwenye ngata. Majani yale hayakutupwa. Kilichoachwa na ng'ombe mmoja kilipewa mwingine, na kilichoachwa na wote kilipewa mbuzi. Nilijua yote hayo. Na bado, badala ya kulia, nilifoka. Nilimfokea mama yangu mezani.

"Mama, umeniharibia vipimo vyote! Mwezi mzima! Nimeuza ng'ombe kwa namba za uongo!"

Akanitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Kwani ulikuwa unapima nini?" akauliza.

Nikafungua mdomo, nikakuta sijawahi kumwambia. Mwezi mzima mimi na ndoano yangu, mama amesimama hatua tatu na kikombe cha chai, na sikuwahi kumwambia ninatafuta nini. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowafundisha watoto. Mimi hata sikumpa mama nafasi ya kuuliza mara mbili. Basi nikamweleza, kwa mara ya kwanza, polepole, maneno ya yule dada wa ofisi ya kata. Kwamba natafuta ng'ombe anayekula kidogo na kutoa vizuri. Kwamba tabia hiyo hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Kwamba ndiyo nilitaka ibaki bandani mwangu.

Mama akacheka kidogo, kicheko kikavu, kisha akakiacha.

"Anayebakiza," akasema. "Kumbe ndiye unayemtafuta. Mwanangu, huyo ndiye niliyekuletea."

Akaniambia mambo ambayo ilipasa niyajue kwa miaka yote niliyokunywa maziwa yake. Katika kila kizazi, alipobaki na binti mmoja, hakumchagua kwa ukubwa wala kwa kiwele peke yake. Aliangalia asubuhi nani kabakiza. Ng'ombe anayekamuliwa vizuri na bado asubuhi kuna majani mbele yake, huyo binti yake alibaki. Wale wa kulamba hori aliwagawa kwa ndugu, hasa ndugu aliokuwa hawapendi sana. "Majani nilibeba mimi kwa shingo yangu," akasema. "Ningefugaje mlafi?"

"Sasa kwa nini ulinyamaza nilipomuuza?"

"Uliniambia huyu anatoa zaidi. Nikajua unataka maziwa mengi. Mjini watu wanataka maziwa mengi."

Nilichukua daftari nikaenda kukaa bandani. Kahawia hakula kilo hamsini, alikula arobaini, akatoa lita kumi na moja. Mabaka alikula sitini kwa lita kumi na nne. Na alipopewa hamsini zake halali akatoa kumi na moja, sawa na yule mfupi aliyekula kilo kumi pungufu. Ushahidi wote ulikuwa mle ndani ya daftari, pamoja na zile siku mbili za kwanza nilizozifuta mwenyewe kwa rula. Niliona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Mizani haikudanganya hata siku moja. Ilipima nilichoitundikia.

Mchana nikatoka, nikavunja tawi la sale kwenye uzio wa jirani. Hapa Dar watu hulipanda kama ua, lakini kwetu mtu akikuletea sale amekuja kuomba radhi, na huwezi kumkatalia. Nililishika kwa mikono miwili, nikapiga magoti jikoni mbele ya mama, mtu mzima, mwalimu wa watu. Alilipokea. Alilitazama, akalichomeka kwenye glasi ya maji dirishani.

"Haya," akasema. "Vaa viatu twende kwa huyo fundi."

Tulimkuta Temeke uani kwake, amekaa chini kati ya magogo ya mpingo, patasi mkononi, vumbi jeusi limemkaa kwenye nyusi. Alikuwa mzee wa kusini, mcheshi, anayefanya kazi huku anaongea na anaongea huku anafanya kazi. Kahawia alikuwa kwenye kibanda cha mabati nyuma yake, ananenepa. Mbele yake kulikuwa na majani. Mama alikwenda moja kwa moja kwake, na ng'ombe akanyoosha ulimi kutafuta chumvi kwenye kiganja.

Nilimwamkia mzee shikamoo, nikamweleza yote, mpaka habari ya masazo. Akacheka mpaka akaweka patasi chini.

"Mwalimu, mie sina mizani, lakini hilo nililiona siku ya pili," akasema. "Ng'ombe huyu ana adabu ya mezani. Anakula, anaacha. Mie nimelea watoto saba, sijawahi kuona mtu anaacha chakula humu ndani! Simrudishi. Samahani sana, lakini simrudishi."

Nilijua ana haki. Mama ndiye aliyesogea, akavuta kigoda ambacho hakijamalizika kuchongwa, akakaa.

"Ng'ombe ni wako, kaka yangu," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya aliyemo tumboni. Huyu ndiye wa mwisho wa ukoo."

"Aa, dada, aliyemo tumboni naye yuko kwangu." Mzee alikuwa anafurahia sasa. "Nyie wa kaskazini mtoto ni wa baba. Sie kwetu kusini, mtoto ni wa kwa mama yake. Baba mgeni tu, tena huyu baba mwenyewe kaja kwa pikipiki, ndani ya mtungi!"

Mama alimwacha acheke amalize.

"Vizuri," akasema. "Basi tufuate ya kwenu. Mtoto ni wa kwa mama yake. Mama yake ndiye huyu hapa. Na huyu, kwa mama yake ni wapi? Na bibi yake? Na mama wa bibi yake?"

Mzee akamtazama Kahawia, akamtazama mama, akaokota patasi yake, akaiweka tena chini.

"Dada umenikamata," akasema. "Umenikamata kwa mila yangu mwenyewe." Akajikuna kidevu. "Haya. Akizaa jike, ni lako, mtoto amerudi kwa wajomba zake. Akizaa dume, linabaki hapa. Lakini nakuonya, ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume."

Miezi mitatu ile ilinifundisha kwamba udadisi na hofu ni ndugu wa damu. Kila Jumapili baada ya ibada mama alinitaka nimpigie mzee simu. Anakulaje? Anabakiza? Kiwele kimeanza kujaa? Mimi nilijua uwezekano ni nusu kwa nusu, nimefundisha mambo ya kubahatisha kwa sarafu maisha yangu yote, na haikunisaidia hata kidogo. Nilipokuwa darasani nilikuwa nageuza simu juu chini mezani ili nisiitazame.

Ujumbe uliingia kipindi cha tatu, siku ya mtihani. Mzee, aliyekwisha kunihesabu mimi kuwa mjomba wa ndama, aliandika maneno mawili tu: "Mjomba, jike." Nilitoka nje ya darasa, nikasimama koridoni, nikalia mbele ya kidato cha nne kizima waliokuwa wananichungulia dirishani.

Ndama alikuja baada ya kuachishwa maziwa, kwenye kirikuu kile kile, kichwa nje. Ni wa kahawia kama mama yake, na ana doa jeupe puani ambalo ni la yule mgeni wa kwenye mtungi. Mtu wa mbegu nimemweleza mapema kwamba siku ndama akikomaa, sitaki kusikia habari ya dume ambalo binti zake wanatoa lita nyingi, mpaka kwanza aniambie walikula kiasi gani. Amekuna kichwa na kusema ataulizia. Mabaka bado yupo, ila wageni wakimpiga kofi la mbavuni na kumsifu, mama hutazama pembeni.

Siku za mwanzo yule mdogo alimaliza kila alichowekewa. Wote wawili tulikuwa tunapita bandani mara nyingi kuliko kazi zilivyohitaji. Kisha asubuhi moja nikasikia naitwa. Nilitoka na mswaki mdomoni. Mama alikuwa amesimama chini ya mizani, amekunja pindo la kanga, na ndani yake kuna majani. Yalikuwa konzi moja, labda mbili. Mabaka alikuwa amenyoosha shingo kuyafuata, na mama alikuwa amempa mgongo.

"Sijampa," akasema. "Nimekungoja wewe. Pima kwanza."

Nikachukua kanga, nikaifunga fundo, nikaitundika kwenye ndoano. Mshale haukusogea. Nikaigusa, nikaiacha itulie, nikainama kusoma tena. Hakuna.

"Mizani haioni kitu, mama. Ni kidogo mno."

"Mimi nimeona," akasema.

Nikafungua daftari kwenye ukurasa mpya. Mahali pa kilo, ambapo sikuwahi kuandika chochote isipokuwa namba, nikaandika: kabakiza.